Mshale Mwekundu Ukutani

Karatasi yenyewe bado ipo. Imebandikwa ubavuni mwa kiyoyozi, chumbani kwa mama, na kila nikiingia na uji wake lazima niione. Mishale saba imepangwa ikishuka, wa juu mfupi na wa kijani, wa chini mrefu na mwekundu, na pembeni kuna kimshale cheusi kinachoelekeza kwenye ule mwekundu. Nimejaribu kuibandua kwa maji ya moto na kwa kucha, imegoma.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Kasese. Kazi yangu, ukiondoa kelele, ni kutoa alama. Huyu A, huyu C, huyu aje na mzazi wake. Nimetoa alama kwa miaka mingi kiasi kwamba nikionja mchuzi hotelini naupa alama kimoyomoyo. Kwa hiyo mtu asije akanihurumia kwamba sikuweza kusoma karatasi yenye herufi saba, A juu na G chini. Niliisoma vizuri kabisa.

Nianze na mama. Mama alipatwa na kiharusi shambani Kyarumba, juu mlimani, akiwa anapalilia maharage. Wanaume wa kijiji walimshusha kwa machela, wakipokezana kwenye zile njia za miguu ambazo mtu mzima na afya yake anazishuka kwa kujishikilia kwenye nyasi. Ilichukua karibu nusu siku kufika kwenye barabara ya gari. Daktari alipomwona alisema maneno mengi, lakini nililolishika ni moja: mgonjwa huyu asirudi mlimani. Presha yake ilitaka kupimwa kila wiki, na kikitokea cha pili, hiyo nusu siku hatakuwa nayo.

Basi akaja kwangu. Wanangu wako shule za bweni, nyumba ilikuwa na nafasi. Kilichokosekana ni dari. Nyumba hii nimeijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu, na kila mwaka dari ilikuwa ya mwaka ujao. Juu ya kitanda cha mama palikuwa na mbao chache, halafu mabati, halafu jua.

Na jua la Kasese halina adabu. Watu wa hapa tumezoea, tunatembea upande wa kivuli na kulalamika kama tunavyosalimiana. Lakini mama ni mtu wa juu. Kule kwao asubuhi anavaa sweta, na ukungu ukishuka anawasha moto ili aone mikono yake. Ikifika saa nane mchana kwangu, mabati yakianza kulia kwa joto, alikuwa analala chali na kitambaa kibichi kifuani, macho yakitazama juu kama mtu anayesubiri kuitwa ndani ya ofisi. Aliacha kula. Presha ilipanda licha ya dawa. Nesi aliyekuja kumpima akaniambia, mwalimu, huyu joto linamshinda. Mama mwenyewe alisema kwa ulimi wake mzito neno lile lile kila siku: "Nirudisheni."

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Akikaa, atakuwa karibu na hospitali, lakini joto litamla. Akirudi, atapata baridi yake, na siku presha itakapopanda atatufia njiani. Nilikuwa nafundisha hadi saa sita, nakimbia nyumbani kumgeuza na kumlisha, narudi darasani, kisha jioni nasahihisha. Nilichoka mchoko ambao hata kulala hakuuondoi. Siuelezi ili nisamehewe. Naueleza kwa sababu bila huo sehemu inayofuata haieleweki.

Baba ndiye aliyeleta habari ya mashine. Alikuwa anashuka kila Jumamosi kwa boda boda, ndizi mbele, maharage nyuma, kumwona mkewe. Siku moja akasema amesikia kwenye ghala la kahawa kwamba kuna mashine ya baridi, unaibandika ukutani na chumba kinakuwa kama Kyarumba alfajiri. Nikamwambia naijua, ile inaitwa kiyoyozi, ni ya mabenki na hoteli. Akaniuliza kama mabenki yana mama mgonjwa.  Akasema kahawa ya msimu ule itainunua, na kwamba ataichagua mwenyewe. Baba hajawahi kununua kitu cha kudumu zaidi ya siku moja bila kukishika kwa mkono wake, iwe panga, mbuzi au kitanda.

Tulikwenda Bwera siku ya soko, kwa pikapu ya mfanyabiashara wa kahawa anayemfahamu. Bwera bidhaa za umeme zinapatikana kwa wingi kwa sababu nyingi zinapita tu, zinavuka mpaka kwenda Kongo. Usiku uliotangulia nilikuwa nimesahihisha insha za darasa zima. Nilisinzia njia nzima, kichwa kikigonga kioo, na baba akanivua skafu yangu akaikunja akaiweka kati ya kichwa na kioo.

Mwenye duka alikuwa Mwislamu mtu mzima, kofia safi, kalamu nyuma ya sikio, na ile lugha ya mpakani ambayo ningeisahihisha kwa wino mwekundu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, lakini inaeleweka kuliko insha zangu zote. Alitutolea mashine mbili. Zilifanana kama ndugu. Ukubwa mmoja, nguvu moja ya kupoza, rangi nyeupe moja. Tofauti ilikuwa kwenye zile karatasi za mishale. Moja, kimshale cheusi kilielekeza juu, kwenye kijani. Nyingine kilielekeza chini, kwenye nyekundu. Ile ya nyekundu bei yake ilikuwa afadhali.

Baba alimwona mtu wa kwao barazani, akatoka kusalimiana. Mwenye duka akanigeukia.

"Mwalimu, nikuambie kweli. Hii ya kijani iko inakula umeme kidogo. Ile ya nyekundu iko inakula mingi sana. Baridi iko moja, lakini chakula hapana moja. Batu ba Beni, kule Kongo, banabebaka ya kijani tu, juu kwabo umeme iko ya jenereta, na mafuta iko bei. Ile ya nyekundu inabaki hapa na mimi."

Alinieleza hayo taratibu, akigonga karatasi kwa kalamu yake. Angeweza kunyamaza akauza ile iliyomkalia dukani. Hakunyamaza. Nilimwelewa. Naandika tena: nilimwelewa.

Baba akarudi. Alisimama mbele ya mashine mbili, mikono nyuma, kama anavyosimama mbele ya kahawa ya mtu mwingine. Hasomi Kiingereza, na zile herufi zilikuwa ndogo, lakini rangi aliziona. Akainama. Akaweka kidole gumba juu ya mshale mwekundu, akaubonyeza kidogo.

Nilikijua kile kidole. Sisi watoto wake tumekulia chini yake. Kwa baba kahawa inachumwa ikiwa nyekundu, na inabonyezwa kwanza, ikiteleza ndiyo imeiva. Ukirudi na kikapu chenye punje za kijani, anazimwaga zote chini mbele yako, unaanza kuokota moja moja. Niliwahi kuokota mpaka mvua ikanikuta. Mlima mzima ule unajua: kijani ni uvivu, kijani ni haraka, kijani ni mtu anayeiba usiku kabla haijaiva. Wanunuzi wakikuta kijani kwenye gunia lako wanakutazama kama umewatukana. Baba katika maisha yake hajawahi kurudishiwa gunia.

"Hii," akasema.

Mwenye duka akamwambia kwa heshima, "Muzee, ile ingine ndiyo muzuri. Ya kijani."

Baba akatabasamu, lile tabasamu lake la sokoni, akaniambia kwa Lhukonzo, lugha yetu, "Unaona? Kila mwenye kutaka kukuuzia mbichi huanza kwa kuisifu." Na akaongeza kwamba hata urefu unaonekana, huu mwekundu umekua, ule wa kijani ni mfupi, haujafika.

Mwenye duka hakuelewa maneno, lakini alielewa kichwa cha baba. Akanitazama mimi. Alikuwa anasubiri binti msomi amweleze mzee wake. Sentensi moja ingetosha. Nikatazama chini, kwenye sakafu, palikuwa na vumbi la sementi na kizibo cha soda.

Nimezipanga sababu zangu mara nyingi. Kwetu mtoto hambishii baba yake mbele ya mwenye duka. Pesa ilikuwa ya baba. Ile nyekundu ilikuwa nafuu. Zote ni za kweli, na hakuna hata moja iliyonifunga mdomo. Kilichonifunga ni kwamba nilitaka kwenda nyumbani. Niliona mbele yangu mabishano, maelezo, baba akiuliza mara tatu, kalamu ya mwenye duka ikigonga, na nikahesabu kwamba kunyamaza ni njia fupi. Nikasema, "Sawa, baba."

Mashine iliwekwa ukutani keshokutwa yake na mtu wa duka, akatoboa tofali, akapitisha bomba, akaondoka. Mchana wa kwanza mama alitazama ile mashine kwa mashaka. Baada ya muda akavuta shuka hadi mabegani. Mama, kujifunika shuka Kasese, saa nane mchana! Nilitoka nje nikalia kidogo karibu na kamba ya nguo, kisha nikarudi kazini.

Wiki mbili hizo zilikuwa nzuri sana. Mama alilala, akala ugali wa muhogo na samaki wadogo wa ziwani Kasenyi, akamtania nesi kwamba mkono wake wa kupimia presha unabana kama wa mtu asiye na mume. Presha ilishuka. Baba alipokuja alikaa chumbani na koti lake amevaa, ameridhika, akitazama ile mashine kama ng'ombe aliyemnunua mwenyewe. "Nyekundu," alisema, na mimi nikaitikia.

Halafu mita ikaanza kulia.

Mita zetu ni zile za kununua uniti kwanza kwa simu, unaingiza namba, unapata umeme. Zikikaribia kuisha, kile kisanduku kinalia, pii, pii, mpaka ulishe. Kabla ya mashine, nilikuwa nikinunua mwanzo wa mwezi na kusahau. Sasa nilikuwa nasimama nyuma ya chumba cha walimu nikinunua uniti, nikirudi nyumbani mita inalia tena. Siku za wikendi nikaanza kuizima mashine saa nane, saa inayokula zaidi, na kuiwasha saa tisa. Siku za shule nikaanza kuizima nikitoka. Joto likarudi, na kitambaa kibichi kikarudi kifuani kwa mama.

Mama alikuwa amepooza upande mmoja, masikio yake hayakupooza. Siku moja namgeuza, kile kisanduku kikalia ukumbini. Akaniuliza, "Kile kinalia kwa ajili yangu?"

Nikamwambia hapana, kinalia kwa ajili ya pasi.

"Hupigi pasi," akasema. Kisha akaongeza, "Nirudisheni."

Nilijiambia mita ni mbovu. Mtu akijua kosa lake huwa anatafuta mita mbovu. Nikamwita fundi umeme mmoja wa hapa mjini, mtu wa makamo, alitumikia jeshini kwenye karakana na mpaka leo kila mtu anamwita afande. Alikuja Jumamosi, baba akiwepo. Alifungua kisanduku, akapima nyaya kwa kifaa chake, akazima kila kitu, akawasha mashine peke yake, akatazama namba za mita zikikimbia.

"Mita iko sawa," akasema. "Usisumbue mita."

Akaingia chumbani, akamsalimia mama, akainama kwenye ile karatasi. Akaifuata mishale kwa kidole.

"Mwalimu. Hii karatasi ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ulisoma nini?"

Nikainua bakuli la maji kando ya kitanda. Akamgeukia baba, akaanza kueleza kwa amri, kama anafundisha kuruta. Alisema mashine ya baridi ina mambo mawili, watu wanachanganya. Moja ni nguvu, yaani inapoza chumba cha ukubwa gani. Pili ni hii alama. Alama haisemi baridi ni kali. Inasema kwa kila umeme kidogo unaoingia, baridi kiasi gani inatoka. Unachukua baridi, unagawanya kwa umeme. Namba ikiwa kubwa, mashine haina njaa, mshale unapanda kwenye kijani. Namba ikiwa ndogo, mashine ni mlafi, mshale unashuka kwenye nyekundu.

"Askari mbili," akasema. "Zote zinabeba gunia moja, zinafika saa moja. Huyu anakula sahani moja. Huyu anakula sahani mbili. Utaandika nani kazi?"

Baba akasema, "Wa sahani moja."

"Sasa nyinyi mumeandika huyu wa mbili. Na hiyo karatasi ilipimwa huko kwao kiwandani, kwenye jua kidogo. Hapa Kasese mashine inashinda kazini kutwa. Ulafi inaonekana zaidi." Akafunga kifaa chake. "Nani alichagua hii?"

Baba hakuchelewa hata kidogo. "Mimi."

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya pili ya kusema. Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi, mbele ya mkewe na mbele ya mgeni, na ningeweza kusema, mimi niliambiwa, baba hakuelezwa sababu. Nilikuwa nimeshika bakuli la maji. Nikaendelea kulishika.

Baba alitazama ule mshale. Akauliza kwa Kiswahili chake cha ghala la kahawa, polepole, "Kwa hiyo, afande, hapa kijani ndiyo imeiva?"

Nilidhani afande atacheka. Hakucheka. Yeye pia ni mtoto wa mlimani. "Ndiyo, muzee. Hapa kijani ndiyo imeiva."

Baba akauliza kama inaweza kurudishwa Bwera. Afande akasema kitu kilichofungwa ukutani hakirudi. Kisha akainua uso, akanyoosha kidole kwenye mabati.

"Lakini mashine peke yake haina kosa yote. Angalia huko juu. Hakuna dari. Hapo kwenye kuta, mwanya, mwanya. Munapoza nini, chumba ama jua? Weka kitu huko juu. Ziba hiyo matundu. Hata mlafi akikosa kazi anapumzika."

Alikunywa chai akaondoka. Baba hakunywa yake. Alimshika mama mkono ule usiosikia, akauweka vizuri juu ya shuka, akaita boda boda, akarudi Kyarumba kabla ya saa yake.

Nilidhani amekasirika. Siku nne baadaye nikarudi kutoka shule, nikakuta pikapu ile ile ya kahawa imeegeshwa nje, na baba yuko juu ya meza yangu ya kulia chakula, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Alikuwa amekwisha kupigilia fito kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya fito alikuwa anatandaza mikeka ya mafunjo, minene, tabaka mbili. Mama alikuwa amehamishiwa ukumbini, akimwelekeza kutoka huko kwamba upande wa dirisha umelegea.

Niliijua mikeka hiyo kabla sijaigusa, kwa harufu. Ni mikeka ya vichanja vya kahawa. Aliipata kwa wafumaji wa upande wa ziwani, alibadilishana nao kwa maharage kwa misimu miwili au mitatu mpaka ikatosha. Alikuwa anaikung'uta, anaikunja, anailaza juu ya dari ya jikoni isishike ukungu. Kahawa ya baba haikugusa ardhi. Ilianikwa juu ya vichanja, juu ya mikeka, ikageuzwa kwa mkono, mama upande mmoja na yeye upande mwingine. Ndiyo sababu gunia lake halikurudi.

"Na kahawa je?" nikamwuliza.

Akatoa msumari mdomoni. "Kahawa itaanikwa."

"Wapi?"

"Nipe ile kamba."

Nikampa kamba. Alifanya kazi siku mbili. Mianya ya juu ya ukuta aliiziba kwa magunia makuukuu aliyoyakunja na kuyashindilia kwa mti. Alipomaliza, chumba kilikuwa na giza kidogo na harufu ya Kyarumba, na mama alipolazwa tena kitandani alivuta pumzi, akatazama juu kwa muda mrefu, safari hii akiwa na kitu cha kutazama.

Mashine ikawashwa. Ilinguruma, ikanguruma, halafu, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia mchana, ikatulia yenyewe. Baridi ilitosha. Tukasikia kuku wa jirani. Baada ya muda ikawaka tena, ikatulia tena. Bado ni mlafi, hakuna dari itakayoibadilisha tabia, lakini sasa ilikuwa inakula ikiwa na kazi tu. Uniti zilizokuwa zinaisha katika siku nne zikaanza kumaliza zaidi ya wiki. Nikaacha kuizima saa nane. Mama akaacha kusema lile neno. Sikumbuki siku aliyoacha. Niligundua tu kwamba nimekaa siku nyingi sijalisikia.

Nami sikusema kitu. Kila Jumamosi baba alikuja, akatazama dari yake, akalisogeza gunia moja au mawili kwa fimbo, akakaa. Hakuitazama tena karatasi. Alibadilisha kiti, akawa anakaa upande ambao haionekani. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kusema ukweli kwa sentensi kamili, nikawa namletea chai.

Msimu ulipokwisha alikuja siku isiyo Jumamosi. Ilikuwa mchana, mama amelala, mashine imetulia. Baba alikaa, akatoa mfukoni kikaratasi cha ghala, kile wanachokupa wakishaonja na kupima kahawa yako. Akanipa nisome. Nilikisoma mara mbili. Kahawa ilikuwa na ladha ya udongo. Walikuwa wameipa daraja la mwisho kabisa.

"Mvua ilinikuta mara mbili ikiwa chini," akasema. "Mtu mmoja huwezi kuizoa yote kwa haraka." Kisha akacheka, kwa sauti ndogo asimwamshe mama, akaelekeza kidevu chake ukutani. "Mimi na mashine yako tumepata alama moja."

Hapo nikashindwa. Nilimwambia yote, kwa kunong'ona, nikiwa nimeshika kile kikaratasi. Kwamba mwenye duka alinieleza alipokuwa barazani. Kwamba alinieleza vizuri. Kwamba nilijua kabla hajaweka kidole. Kwamba afande alipouliza nani alichagua, jibu lilikuwa mimi. Nilisema nisamehe, baba, na sauti ikanikatika kama mtoto aliyemwagiwa kikapu.

Baba alinichukulia kikaratasi mkononi kabla sijakiharibu. Akakikunja mara mbili, akakirudisha mfukoni.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona nini?"

"Dukani. Nilirudi nikakuta macho yako yanajifunga. Nikasema moyoni, huyu mtoto amechoka, atadondoka hapa. Nikisimama niulizwe nieleweshwe, jua litatukuta njiani." Akapangusa magoti yake. "Nikachagua upesi nilichokijua, ili uende ukalale."

 Tulikaa. Juu yetu mikeka yake ilikuwa imetulia, na punje moja ya kahawa iliyosahaulika katikati ya mafunjo ilikuwa imenasa hapo hapo, kavu.

Mama akafumbua macho. Alitutazama mmoja mmoja, mimi na machozi yangu, baba na koti lake, na hakuuliza. Aliinua mkono wake mzima, akaelekeza nyuma yangu.

"Mlango," akasema. "Mnatoa baridi nje."

Nikainuka nikaufunga.